Kipupwe Kimeingia, Toa Daftari

Masika yamekwisha. Mahindi yako ghalani au yanamalizikia juani, pamba inasubiri mizani, na asubuhi watu wa Nyasura wanapita barabarani kuelekea Bunda mjini wamejifunika kanga na makoti. Kuanzia Juni hadi Agosti mvua huku kwetu ni ya kubahatisha, nyasi zinakauka na vumbi linaingia mpaka kabatini. Wengi wenye kazi za kubuni, wawe watunzi, wachoraji, mafundi cherehani au wapiga gitaa wa kwaya, huihesabu miezi hii kuwa ya kusubiri. Wanasema akili imechoka, wataanza upya vuli ikianza.

Mimi naamini kinyume chake, na historia ya Kanda ya Ziwa iko upande wangu. Huu ndio msimu ambao jembe limeiachia mikono, na kwa vizazi vingi ndio uliozaa nyimbo mpya, michezo mipya na hadithi mpya. Kama umechoka, hapa ndipo pa kuokotea nguvu. Vidokezo hivi havina mpangilio wa lazima. Anza na kile kilicho karibu na mlango wako.

1. Kaa na wazee mikono yao ikiwa na kazi

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Miezi hii kila ua una shughuli ya kufanya watu wamekaa: kupukuchua mahindi, kubangua karanga, kupepeta mtama, kuchambua pamba safi na kuitenga na fifi. Ukimwendea mzee na orodha ya maswali, atakujibu kwa ufupi na kukuaga kwa heshima. Ukimwamkia, ukavuta kigoda, ukachukua mahindi yako ukaanza kupukuchua bila kuuliza kitu, baada ya muda mazungumzo yatakuja yenyewe. Mikono ikiwa na kazi, macho hayatazamani, na mtu husema mambo ambayo asingeyasema akikaziwa macho.

Uliza vitu vidogo. Ng'ombe wa kwanza wa ukoo huu aliitwa nani? Kabla ya barabara ya lami, watu walipita wapi kwenda ziwani? Ni wimbo gani uliimbwa wakati wa palizi, na nani alikuwa anauanzisha? Mwaka wa njaa walikula nini? Jibu likija kwa Kiikizu, Kijita, Kizanaki, Kikurya, Kijaluo au Kisukuma, liandike lilivyotamkwa, maana yake utaitafuta baadaye. Ukitaka kurekodi kwa simu, omba ruhusa kwanza, kisha iweke simu mahali inapoonekana.

Na nenda sasa. Vuli ikianza, bibi huyo huyo atakuwa shambani toka alfajiri na jioni atakuwa hoi.

2. Amka saa kumi na moja alfajiri, tazama mashariki

Kuanzia mwishoni mwa Juni, kabla hakujapambazuka, utaona kishada kidogo cha nyota upande linakochomoza jua. Hicho ndicho kilimia. Mwezi Mei kilikuwa kimepotea kwenye mwanga wa jua. Sasa kimerudi, na kila wiki kinachomoza mapema zaidi. Kufikia Novemba kitakuwa kinachomoza jioni, wakati wakulima wako kwenye mvua za vuli. Wazee wa Afrika Mashariki walipanga kilimo kwa nyota hizi muda mrefu kabla ya kalenda za ukutani.

Wewe panga nazo kazi yako. Anza shairi refu, mchoro mkubwa au albamu wakati kilimia ni cha alfajiri, na ujiwekee ahadi ya kumaliza kabla hakijawa cha jioni. Miezi kama minne na nusu inatosha kazi kubwa, na huihitaji programu ya simu kukukumbusha. Anga la msimu huu halina mawingu mengi, kwa hiyo hata usiku wa mapema lina mengi: Msalaba wa Kusini uko upande wa kusini baada ya chakula cha jioni, na usiku ukikolea nyota za Nge zinapanda juu kabisa. Vaa koti. Baridi ya saa hiyo si ya mchezo.

3. Pumzika kwa ratiba ya wavuvi wa dagaa

Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria hufanya kazi kwenye giza. Mwezi ukiwa haupo, taa zao juu ya maji huwavuta dagaa waje juu. Zamani zilikuwa karabai, leo nyingi ni za betri na sola. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi inabaki nchi kavu. Siku hizo mvuvi hakai akilaumu kipaji chake. Anashona nyavu, anaziba mtumbwi, anaosha taa, analala nyumbani na watoto.

Natamani kila mtunzi wa Mara angejifunza hilo. Tunajipiga sana pale maneno yanapokataa. Gawa mwezi wako makusudi: wiki za kwenda majini, ambapo unaandika au unachora kila siku hata kama kinachotoka ni kidogo, na siku za kushona nyavu, ambapo hutungi chochote. Siku hizo noa penseli, panga upya mafaili ya sauti, badilisha nyuzi za gitaa, soma kitabu cha mtu mwingine. Kupumzika kwa mpango hakuleti hatia, na mwezi ukififia mkono wenyewe unatafuta kalamu.

Ukipata nafasi usiku wa giza, nenda ufukweni kwenye Ghuba ya Speke ukazitazame taa zile zikiwa zimetapakaa majini. Asubuhi rudi uone dagaa wakianikwa. Hakuna mchoraji atakayetoka pale mikono mitupu.

4. Tafuta mpinzani

Wasukuma, ambao ni majirani zetu na wengi wao ni wana wa Bunda, waliligundua hili zamani. Baada ya mavuno, vikundi vyao vya ngoma hugawanyika pande mbili, Wagika na Wagalu, pande zinazohusishwa na waganga na wachezaji mahasimu wa zamani, Ngika na Gumha. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, yakiwa yameelekeana, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wengi upande wake. Watazamaji wanahama wenyewe kwa miguu.

Fikiria utaratibu huo unamfanyia nini msanii. Huwezi kurudi na cha mwaka jana. Ndiyo maana ngoma za Kisukuma zina nyoka wa kweli mikononi mwa wachezaji, majembe yanayorushwa hewani kwenye bugobogobo, vinyago, sarakasi na mavazi ambayo hayajawahi kuonekana. Kila msimu wa kiangazi mtu alilazimika kubuni, la sivyo uwanja wake ungebaki mtupu. Sherehe ya Bulabo, inayofanyika Bujora pale Kisesa nje kidogo ya Mwanza karibu na sikukuu ya Ekaristi, imeuendeleza ushindani huo tangu enzi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeanzisha makumbusho ya Wasukuma hapo. Kutoka Bunda ni safari ya basi tu.

Kwa hiyo chagua mtu mmoja anayefanya kazi ya aina yako, mwenye uwezo kukuzidi kidogo, mkubaliane. Kila Jumamosi ya pili mnakutana, kila mmoja na kitu kipya. Asiwe rafiki anayesifia kila kitu. Kwenye muziki fanyeni hadharani, mbele ya vijana wa bodaboda na mama lishe, mwone watasogea kwa nani.

5. Soma waliotoka ng'ambo ya maji

Kutoka Bunda ukishika njia ya Kibara mpaka Kisorya, unapanda kivuko hadi Rugezi, nawe uko Ukerewe. Kisiwa hicho kimetoa waandishi watatu ambao taifa zima lingejivunia kuwa na mmoja wao.

Wa kwanza ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896. Mwaka 1945 alimaliza riwaya ndefu mno kwa Kikerewe, kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mke na mume waliotamani mtoto. Ndani yake mna kilimo, uvuvi, dawa, adabu za wakwe, namna ya kupokea wageni. Alitaka vijana wajue walivyoishi wazee wao. Hakupata mchapishaji. Alikuja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kilichapishwa Dar es Salaam na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka 1981. Hesabu mwenyewe hiyo miaka, kisha ulitazame tena daftari ulilolitupa kwa sababu redio moja haikupiga wimbo wako.

Wa pili ni Gabriel Ruhumbika, aliyeandika Miradi Bubu ya Wazalendo na Janga Sugu la Wazawa, na ndiye aliyekipeleka kitabu cha Kitereza kwenye Kiingereza. Wa tatu ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo. Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, na mashairi ya Kichomi mwaka 1974, yasiyofuata vina na mizani, yakazua ugomvi mkubwa wa washairi ambao mwangwi wake haujaisha.

Jambo la kujifunza hapa ni la vitendo. Kezilahabi hakuona haya kuiweka Namagondo ndani ya riwaya. Wewe mwandishi wa Nyasura, kwa nini wahusika wako wote wanaishi Dar es Salaam? Juma hili andika ukurasa mmoja ambao kila mahali panapotajwa ni pa kweli na pako umbali unaoweza kutembea: kisima, mashine ya kusaga, njia ya mkato, ule mti wa mikutano. Tumia majina yenyewe.

6. Maneno yako yakikauka, hamisha ya mwingine

Julius Nyerere wa Butiama alikuwa na nchi changa mikononi mwake, na bado alikaa usiku na Shakespeare. Tafsiri yake ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, akaifanyia marekebisho ikatoka tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari, na mwaka huohuo ukaja Mabepari wa Venisi. Baada ya kung'atuka na kurudi Butiama aliendelea, akazigeuza sehemu za Agano Jipya kuwa tenzi. Kiswahili hakikuwa lugha yake ya kwanza. Alikulia kwenye Kizanaki.

Tafsiri ni mazoezi bora kwa mtu aliyekwama, kwa sababu hadithi ipo tayari na wewe unahangaika na sentensi tu. Chukua wimbo wa mavuno wa bibi yako, au methali kumi za Kijita, uzilete kwenye Kiswahili kinachosikika vizuri kikisomwa kwa sauti. Mahali panapokataa kutafsirika, hapo pana shairi lako. Ukiwa na siku huru, nenda Butiama, pale Mwitongo pana makumbusho na kaburi la Mwalimu. Msimu huu njia ni kavu.

7. Panda Balili jioni, na rangi

Mlima Balili uko juu ya mji wa Bunda. Ukiwa kule juu unaona Ghuba ya Speke upande mmoja na nyanda za Serengeti upande mwingine. Kiangazi hewa imejaa vumbi na moshi wa mashamba yanayosafishwa, na chembe hizo huutawanya mwanga wa buluu na kuuacha mwekundu na wa machungwa upite, ndiyo maana machweo ya Julai yana rangi ambazo Aprili hazipo.

Wachoraji na wapiga picha nawasihi: msitazame jua. Ligeuzieni mgongo. Tazameni jua linafanya nini kwenye mawe makubwa ya matale, kwenye mabati, kwenye uso wa mtu anayeteremka na mzigo wa kuni. Ziandikeni rangi kwa majina ya vitu mnavyovijua, rangi ya udaga, rangi ya ufuta, rangi ya kutu ya baiskeli, halafu zichanganyeni nyumbani. Mafundi cherehani nao waende. Mchanganyiko wa vitambaa wa mwaka mzima uko pale juu bure.

8. Nyumbu

Kundi kubwa la nyumbu, zaidi ya milioni moja, hupita ukanda wa magharibi wa Serengeti kuelekea kaskazini, na kwa kawaida Juni hulikuta karibu na Mto Grumeti. Lango la Ndabaka liko kando ya barabara ya Mwanza–Musoma. Ukienda, acha simu mfukoni kwa saa nzima, chagua mnyama mmoja umfuatilie, kisha umwandike au umchore.

9. Anika

Msimu wa jua kali ni msimu wa michembe na matobolwa. Viazi vitamu vinakatwa, vinaanikwa, vinawekwa, na miezi ambayo shamba halina kitu ndipo vinapopikwa. Mawazo yafanyie vivyo hivyo: usilazimishe kila wazo liwe kazi kamili siku lilipozaliwa. Likate vipande vidogo, mstari mmoja, sura ya mtu mmoja, mdundo wa sekunde ishirini, uvihifadhi kwenye daftari moja tu. Si kwenye karatasi za sigara, simu mbili na nyuma ya mkono. Moja. Wakati wa vuli, ukirudi kutoka shamba umechoka na huna la kuanzia, fungua humo utoe kipande.

10. Iteni risaga

Wakurya wana risaga: watu wanakusanyika kwenye shamba la mmoja wao, wanamaliza kazi kwa siku moja, mwenye shamba anawalisha na kuwanywesha, na siku nyingine ni zamu ya mwenzake. Hakuna anayelipwa fedha. Jirani zao wana taratibu zinazofanana na hiyo.

Utaratibu huo unafaa kwa sanaa kuliko warsha nyingi ninazozijua. Watu watano au sita mnaoaminiana, kila Jumapili alasiri mnakwenda kwa mmoja. Mwenye muswada anasomewa na kusahihishiwa mpaka ukurasa wa mwisho. Mwenye wimbo anapata waitikiaji na mpiga ngoma. Mshonaji mwenye oda kubwa anakatiwa vitambaa huku mnasimuliana. Mwenyeji apike ugali wa udaga na sato, au dagaa kama mfuko umebana. Sharti liwe moja: mnafika kufanya kazi ya mwenyeji, za kwenu mnaziacha nyumbani. Mtu akishaiona kazi yake imebebwa na mikono mingine kwa siku nzima, haitupi ovyo tena.

Na mkimpata mpiga litungu, ile ala ya nyuzi ya Wakurya, mlisheni vizuri.

11. Kwa watoto wa Mara walio kwenye baridi ya kweli

Baadhi yenu mnasoma haya mkiwa Ulaya au Marekani, na kipupwe chetu mnakiona kitu kidogo. Kwenu miezi migumu ni Desemba hadi Februari, giza linaingia mapema na mtu anakaa ndani mpaka anazichoka kuta. Wenzenu wamepita humo wakatoka na kazi. Kezilahabi alisomea shahada yake ya uzamivu Chuo Kikuu cha Wisconsin pale Madison, mji wa maziwa ambayo huganda kila mwaka, akaimaliza mwaka 1985; Karibu Ndani ilitoka miaka mitatu baadaye. Abdulrazak Gurnah, mwana wa Unguja, ameishi Uingereza tangu ujana wake na ameendelea kuandika kuhusu pwani ya Afrika Mashariki mpaka akatunukiwa Nobeli mwaka 2021.

Ombeni nyumbani wawatumie sauti: jogoo, mashine ya kusaga, makonda wa stendi ya Bunda wakiita Mwanza na Sirari, mama akipepeta. Sauti huamsha kumbukumbu ambazo picha haizifikii. Sikiliza kwa dakika tano ukiwa umefumba macho, halafu andika kabla hujafungua ujumbe mwingine wowote. Nasi tulio huku tuwatumie bila kusubiri kuombwa.

12. Tangaza siku ya kuonyesha, leo

Chagua Jumamosi moja ya mwishoni mwa Agosti, baada ya Nane Nane, wakati fedha za pamba bado zipo mifukoni na mvua hazijaanza. Muone mwalimu mkuu wa shule ya jirani umwombe darasa moja au uwanja; shule zikiwa zimefungwa huwa rahisi zaidi, kwa hiyo angalia kalenda ya mihula kabla ya kwenda. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa mapema, mkopeshane viti na spika, mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri aandike matangazo kwa mkono, moja dukani, moja kanisani, moja msikitini, moja kijiweni. Anza saa tisa alasiri ili kina mama wawahi kurudi kupika. Waalike wazee wale uliopukuchua nao mahindi, uwatengee viti vya mbele, na yule aliyekupa wimbo umtaje kwa jina kabla hujauimba.

Tarehe ikishabandikwa dukani, daftari litafunguka lenyewe.